Kichupa Namba Arobaini na Moja

Kisa hiki nimekipata kwa mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, mwaka ule mgongo ulipomlaza kwangu wiki tatu, hana cha kunyanyua ila ulimi. Ni inspekta wa polisi. Nilimkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, naye akawa ananisimulia. Yale ya kemia nilimrudisha nyuma mara nne, mara tano, mpaka yakaniingia, na mimi shule niliiacha njiani. Kwa hiyo nawe yatakuingia.

Basi, ilikuwa Alhamisi, saa tano kasorobo asubuhi. Kitu kilipasuka ghorofa ya pili ya jengo la kemia, chuo kikuu, katika maabara ya wale wanaosomea shahada ya juu kabisa, ambao wamesoma mpaka wamebaki wachache. Inspekta alipofika, vioo vilikuwa vimetapakaa mpaka kwenye ngazi.

Msichana alilala ubavu kati ya meza yake na kabati la sampuli. Miaka ishirini na saba. Miwani ya kinga usoni, glavu mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia. Kipande cha kioo kilikuwa kimempata shingoni, na chini ya kifua chake palikuwa na daftari lililolowa.

"Afande, hapa pananuka kama siki ya shetani," alisema Sajini, akiziba pua kwa kofia.

"Usikanyage chochote. Usishike chochote. Na usiniletee mizaha."

Msichana yule wenzake walimwita Mizani, kwa sababu hakuamini kitu mpaka akipime mara tatu. Inspekta aliambiwa hivyo na mwanamume aliyekaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. Mhadhiri kijana, shati safi, viatu vinang'aa. Chuo kizima kilimwita Bingwa.

"Wewe ni nani wake?"

"Mwalimu wake. Na kaka yake, ukipenda. Mimi ndiye niliyemwongoza."

"Kimetokea nini humu?"

"Chupa ya taka, Afande. Chini ya kabati tunaweka chupa mbili. Moja ya taka za asidi, moja ya taka za viyeyushi. Hazichanganywi hata siku moja. Mtu akichanganya, zinaanza kupikana zenyewe polepole. Gesi inajaa. Kama kifuniko kimebanwa..." Akakunjua ngumi ghafla.

"Nani alichanganya?"

"Sipendi kumsema marehemu."

"Sema tu. Hatakununia."

Bingwa alifuta uso. "Mchanganyiko wa namna ile huchukua masaa manne kupasua chupa. Chupa imepasuka saa tano kasorobo. Rudi nyuma masaa manne, unapata saa moja kasorobo. Muulize mlinzi nani alikuwa humu saa moja kasorobo."

Inspekta alimuuliza mlinzi. Kitabu kilisema wazi: Mizani aliingia saa kumi na mbili na nusu, peke yake. Mzee wa ghala, saa moja na nusu. Bingwa aliingia saa mbili na dakika kumi, akatoka saa tatu kasoro dakika ishirini, kwenda kikao jengo la utawala.

Hesabu ilikaa sawa kama kifuniko juu ya sufuria. Mkwe wangu anasema hilo ndilo lililomkera. Katika miaka kumi na minane ya kazi, hajawahi kukuta aliyefiwa anayekuja na hesabu tayari mkononi.

Profesa, mkuu wa maabara, alimkuta ukumbini. Alikuwa mzee mwembamba anayezungumza huku akitazama saa.

"Kamati ya usalama itakaa Jumamosi mchana," alisema. "Kutoka polisi tunahitaji neno moja tu. Ajali."

"Na nyie mtaandika nini?"

"Uzembe wa mwanafunzi. Ndivyo huandikwa. Na yule mzee wa ghala ataondoka, maana taka ni zake."

"Mmeshaamua na maiti bado ina joto."

"Inspekta, hii ni kemia. Kemia haina huruma."

"Sikuuliza habari za kemia, Profesa. Nimeuliza habari zenu."

*

Mama wa Mizani alikuwa fundi cherehani. Alikuja chumba cha maiti na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, kausahau huko. Inspekta alimkalisha kwenye benchi.

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu. Napewa pole tangu saa nane, zimenijaa mpaka hapa. Niambie kitu kimoja. Wamesema mtoto wangu kajiua kwa uzembe. Ni kweli?"

"Bado sijui."

"Mimi najua. Mtoto yule alikuwa ananisimamia mimi, mimi niliyeanza kushona hajazaliwa. 'Mama, pima tena. Mama, hapo umevuta utepe.' Mteja anacheka, mimi naona haya." Akautazama utepe kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemvisha. "Kufa tutakufa sote. Lakini wakiandika mzembe, nitakuwa namzika mtoto wa mtu mwingine. Unanielewa? Wangu atakuwa amepotea tu."

"Nipe mpaka Jumamosi."

"Usinipe ahadi. Ahadi ndiyo kazi yangu. Kila mteja nimemwambia Jumamosi."

Inspekta hakucheka, wala mama hakutaka acheke.

*

Ijumaa asubuhi mkemia wa polisi alimwita. Juu ya karatasi nyeupe alikuwa amepanga vipande vya chupa, na katikati shingo yake, nzima, kifuniko kando yake.

"Nimekifungua kwa koleo," alisema. "Kilibanwa mpaka mwisho. Alama za vidole hakuna, asidi imekula zote. Daftari lake nalikausha, ukurasa wa mwisho umegandana. Nipe siku moja."

Inspekta alikwenda ghalani, chini kabisa ya jengo. Mzee wa ghala alikaa kwenye kigoda, na mlinzi wa chuo kasimama mlangoni kumlinda kama mwizi. Inspekta alimtoa mlinzi nje.

"Wewe ndiye Mzee Chupa?"

"La kwenye hati ni refu, na hakuna anayelitaka."

"Kifuniko cha chupa ya taka kinafungwaje?"

"Hakibanwi. Unazungusha mpaka kishike, kisha unarudisha nusu mzunguko, chupa ipumue. Nimewafundisha wote, hata huyo Profesa wao alipokuwa na nywele. Mizani yeye alikuwa anarudisha nusu, anakwenda zake, halafu anarudi kuangalia kama kweli amerudisha."

"Aliyebana hii alikuwa hajui?"

"Au alijua vizuri." Mzee akatazama mlangoni. "Nimesema lisilonihusu."

"Linakuhusu. Ni kazi yako wanayoitaka. Nimeambiwa taka zikichanganyika, chupa hupasuka baada ya masaa manne."

"Nani kasema manne?"

"Mtu anayejua."

"Basi anajua kuliko mimi, na mimi nimeishi na taka hizi miaka thelathini na moja. Moja ilichemka mtu bado kashika faneli. Nyingine ilikaa wiki nzima, siku ya nane ikalia usiku, ikaua mende tu. Inategemea kimo nini, kiasi gani, na joto. Hasa joto."

"Juzi... jana, Alhamisi, palikuwa na joto?"

"Wewe hukutoka jasho mle? Umeme ulikatika saa tatu kasoro dakika tano, ukarudi saa sita. Chumba kile ni vioo vitupu na bati juu. Kiyoyozi kikilala, meza yenyewe huishiki. Jengo la utawala wana jenereta, wao hata hawakujua."

Inspekta aliandika. "Na Mizani? Ulimwona asubuhi?"

"Alikuwa hapa hapa. Tangu saa mbili na robo mpaka saa tatu. Alitoa kichupa kwenye kabati la sampuli, akaja nacho, akasaini." Mzee akafungua kitabu chake, kidole kikatambaa mpaka kwenye mstari. "Namba arobaini na moja. Akamimina unga wake kwenye kisahani, akauweka kwenye mtungi wangu wa kukaushia. Ule pale."

Ulikuwa mtungi mkubwa wa kioo, mfuniko umepakwa mafuta usipitishe hewa, chini una chumvi ya kunyonya unyevu. Ndani, juu ya kisahani, palikuwa na unga mweupe kiasi cha kiganja cha mtoto, na kando yake kichupa kitupu chenye lebo.

"Aliniambia, 'Mzee, usifungue mpaka Jumamosi, hata Profesa akija na fimbo.'"

"Unga wa nani huo?"

"Wa Bingwa. Tangu anasoma yeye mwenyewe. Ndio uliompa jina."

*

Hapa nieleze kidogo, kama nilivyoelezwa. Hawa watu kazi yao ni kushikanisha kitu na kitu mpaka kizaliwe cha tatu. Huo wanauita mmenyuko. Bingwa alipokuwa mwanafunzi alikuwa akitafuta njia fupi ya kutengeneza dawa fulani. Vitu vyote vikikubali, utavuna gramu kumi. Walimwengu wote waliojaribu njia ile walivuna tatu. Yeye akavuna nane. Akapewa shahada, akapewa kazi, akaitwa nchi za watu kuhutubia. Kisha akaja Mizani, akaambiwa aanzie pale mwenzake alipoishia. Akarudia kazi ile mara kumi na tisa, na mara zote kumi na tisa akavuna tatu. Mwaka mzima aliambiwa ana mikono mibaya.

Inspekta alipanda kwa Profesa.

"Kuna kitabu kinachosema masaa manne?"

"Hakuna. Kasi ya mmenyuko hupimwa. Anayetaja namba, ama anabahatisha, ama amepima."

"Bingwa hubahatisha?"

Profesa aliitazama saa yake, lakini safari hii hakuisoma. "Hajawahi."

"Basi nataka madaftari yake. Hati ya upekuzi hii hapa."

Madaftari yalikuwa manane, yamepangwa kama misahafu. Kurasa zina namba. Mwiko wao ni mmoja: hakuna kuchana, hakuna kufuta, na lolote ulilolifanya unaliandika siku ile ile. Mkwe wangu alikuwa amejiandaa kutafuta ukurasa uliochanwa. Alipekua daftari la nane taratibu, akilamba kidole. Hakuna uliochanwa. Ukurasa wa mia na sita, Jumatatu ya wiki ile ile, palikuwa na jedwali dogo, na chini yake mstari ulionyooka uliochorwa kwa rula.

"Nisomee hapa."

Profesa alisoma kimya. Akavuta kiti, akakaa.

"Kwa sauti, tafadhali."

"Amechanganya matone machache ya asidi na kiyeyushi. Amepima gesi inavyojaa. Kisha amekokotoa kwa chupa kubwa, iliyobanwa." Akafuatisha mstari kwa kidole. "Kwa nyuzi ishirini za joto, masaa manne. Kwa nyuzi thelathini, mawili. Kila zikipanda nyuzi kumi, kasi inakuwa mara mbili. Ndiyo kawaida ya..."

"Kiyoyozi chenu huwa nyuzi ngapi?"

"Ishirini."

"Chukua kalamu. Tuseme chupa imejazwa saa mbili na nusu, Bingwa akiwa peke yake mle, chumba kina ubaridi. Dakika ishirini na tano baadaye umeme unakatika. Chumba kinapanda hadi thelathini na kitu. Inapasuka saa ngapi?"

Profesa aliandika, akakata, akaandika tena. Alipomaliza aliigeuza tu karatasi.

Saa tano kasorobo.

"Na umeme usingekatika?"

"Saa sita na nusu."

"Alhamisi saa sita na nusu, ndani ya maabara huwa kuna nani?"

"Hakuna mtu. Alhamisi saa sita sote tunakwenda semina. Miaka ishirini sasa. Hata anayeumwa huja."

Inspekta alifunga daftari. Kwa hiyo mtu yule hakutaka kuua. Alitaka chumba kikiwa kitupu, chupa ipasuke peke yake na kubomoa kitu. Na juu ya chupa palikuwa na kabati la sampuli.

"Profesa, kesho, kabla kamati yako haijakaa, tukutane ghalani. Mlete na Bingwa. Mwambie ni mambo ya mizani tu."

*

Jumamosi walisimama wanne kuuzunguka mtungi: Profesa, Bingwa, Mzee Chupa na Inspekta. Sajini aliziba mlango kwa mabega.

Bingwa alipoona kilichomo ndani ya mtungi, alikwepesha macho kama mtu aliyefungua mlango akakuta mwenye nyumba anaoga.

"Kichupa hiki unakijua?"

"Ni... nilidhani vyote vimevunjika."

"Vyote vimevunjika. Hiki hakikuwamo. Mizani alikitoa saa mbili na robo. Ulipokuwa unainama chini ya kabati saa mbili na nusu, juu yako palikuwa na nafasi tupu. Mzee, pima."

Mzee Chupa aliufungua mtungi kwa kuusukuma mfuniko pembeni, polepole, kama anavyofungua miaka yote. Akaweka unga juu ya mizani.

"Lebo inasema nini?"

"Gramu nane," alisema Profesa.

"Na mizani yako inasema nini?"

Namba zilicheza, zikatulia. "Tatu na kitu kidogo."

Mwenye kufua anajua. Nguo mbichi ukiipima si uzito wa nguo, ni uzito wa nguo na maji yake. Unga ule ulipimwa ukiwa mbichi, umefungiwa na kiyeyushi chake ndani ya kichupa, ukakaa hivyo miaka sita na sifa za uongo.

"Una haki ya kunyamaza," alisema Inspekta. "Utakalosema litaandikwa."

"Niandike," alisema Bingwa. Akakaa kwenye kigoda cha Mzee bila kukaribishwa. "Wiki mbili zilizopita alinijia. 'Kaka, nikimaliza jaribio la kumi na tisa, nataka nikipime kile chako, huenda nitajua nakosea wapi.' Anakosea wapi! Alikuwa hajakosea hata mara moja."

"Wewe ulijua kuwa ni tatu?"

"Nilijua. Siku mbili kabla ya kutetea shahada niliukausha kidogo pembeni, nikapima. Nikakokotoa. Tatu. Nikaacha uliobaki kwenye kichupa, nikapeleka namba ya kwanza." Akamtazama Profesa. "Nilikuja kwako, Mwalimu. Nilikuuliza, ikiwa tatu je? Ukasema, 'Tatu kila mtu anayo. Usiniletee tatu.'"

Profesa aliivua saa yake, akaitia mfukoni.

"Kwa nini hukukiiba tu hicho kichupa?" Inspekta aliuliza.

"Kabati lina kitabu. Funguo ni za Mzee. Namba arobaini na moja ikipotea, anaulizwa mwenye namba arobaini na moja. Chupa ya taka ikipasuka haulizwi mtu. Chupa hupasuka."

"Huulizwa Mzee Chupa. Na huandikwa uzembe."

"Nilidhani ataandikwa uzembe akiwa hai!" Sauti ilimpanda. "Angekemewa, basi! Angelia siku mbili, angeanza upya! Saa sita na nusu, Afande. Nilipima mara tatu. Nilikuwa kikaoni chini ya kiyoyozi, nahesabu dakika, najua kabisa chumba kiko nyuzi ishirini. Niliposikia mlio nilitazama saa nikafikiri ni kitu kingine."

"Na nilipofika, ukanipa masaa manne."

"Ndiyo yaliyokuwa sahihi."

"Hukujua habari za umeme?"

"Jioni ndipo nilipojua. Pale kwenye ngazi sikuhisi joto wala baridi."

Inspekta aliweka daftari la nane mbele yake, ukurasa wa mia na sita. "Hili ndilo sielewi. Unapanga kosa, unaliandika, unalichorea na mstari kwa rula?"

Bingwa alitazama mwandiko wake. "Jaribio lazima liandikwe. Sijui kutoandika. Mkono unaandika wenyewe."

"Na siku ulipoukausha ule unga, ukapata tatu? Uliandika ukurasa gani?"

Mzee Chupa alikuwa akiufuta mtungi kwa kitambaa, ingawa haukuwa na vumbi.

"Hilo ndilo pekee ambalo sikuliandika," alisema Bingwa.

Sajini alileta pingu. Kabla hajamfunga, Inspekta alitoa mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na ukurasa wenye madoa ya kahawia, mkemia wa polisi alikuwa ameukausha na kuubandua usiku kucha.

"Hiki ndicho alichokuwa anaandika kalamu ikiwa mkononi. Sikiliza. 'Alhamisi. Namba 41 iko kwenye mtungi mpaka Jumamosi. Nadhani Kaka alipima ikiwa mbichi, bila kujua. Ikiwa ndivyo, nimwambie yeye kwanza, peke yake, kabla ya Profesa. Tuandike masahihisho kwa majina yetu mawili, asiaibi...' Imeishia hapo."

"Acha, Afande."

"Nimeshaacha. Ameacha yeye."

Walimpandisha ngazi. Profesa aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, kama kamati bado ikae.

"Ikae," alisema Inspekta. "Iandike kwamba mwanafunzi hakukosea kitu. Na uandike kwa mkono wako. Mimi nasubiri hapa."

Aliandika. Mstari wa kwanza aliuharibu, akaomba karatasi nyingine. Mzee Chupa alimletea, kisha akamletea kitabu cha ghala asaini kuwa ameichukua.

*

Saa nane mchana Inspekta alifika kwa fundi cherehani. Msiba ulikuwa umetulia. Majirani wawili walilala kwenye mkeka kwa uchovu wa kupika na kulia. Sajini alibaki garini, na kabla Inspekta hajafika mlangoni alishamsikia anakoroma.

Mama alikaa kitandani, miguu chini. Macho yalikuwa mekundu na makavu. Hakuwa amelala tangu Alhamisi.

"Jumamosi imefika," alisema.

"Hakuwa mzembe, mama. Hii hapa, imeandikwa na kusainiwa."

Mama aliichukua karatasi akaishika kama kitambaa, akipapasa ukingo. "Nani basi?"

Inspekta alimwambia yote. Hakupunguza. Alipofika kwa Bingwa, mama aliinua kichwa.

"Yule Kaka yake? Nilimshonea suruali mimi. Ya mahafali."

"Ndiye."

"Alikuwa amekusudia?"

"Alikusudia chupa. Hakukusudia mtu. Mahakama ndiyo itakayosema uzito wake."

"Na wangu alikuwa anaandika nini?"

Inspekta alisita. Mkwe wangu anasema ameshika maiti, ameshika majambazi, lakini karatasi ile alitamani kuirudisha mfukoni. Akaisoma. Kaka alipima bila kujua. Nimwambie yeye kwanza. Asiaibi.

Mama akasema, si kwa kilio, kwa sauti ya fundi aliyeona alipokata vibaya:

"Ningemfundisha ukali kidogo."

"Mama..."

"Nilimfundisha kupima, nikamfundisha na heshima. Ukali sikumfundisha. Angekwenda moja kwa moja kwa huyo Profesa, wiki mbili zile zile, akapiga meza. Angekuwa hai na watu wanamchukia. Watoto wa watu wanachukiwa na wanaishi."

Inspekta alimvua mama ule utepe shingoni, akamnyanyulia miguu kitandani.

"Nisomee tena," alisema mama. "Polepole. Pale pa mwisho."

Inspekta alisoma. Mama akasema, tena. Akasoma mara ya tatu, na alipofika kwenye majina mawili, mkono uliokuwa umeshika karatasi ya kamati ulilegea. Akaendelea kusoma mpaka pale neno lilipokatikia, kwa sauti ya chini, ingawa mama alikuwa amekwisha kulala.